“Bila Kukusudia” Sio “Bahati Mbaya”

Hii ya leo ni ndefu, na haina vichekesho vingi. Kama uko kwa matatu na simu imebaki asilimia nne, iweke usome ukifika kwa nyumba. Ni historia, lakini ni historia ambayo ilinibishia mlango mwenyewe.

Kuna mama jirani yetu kwa ploti. Mimi humuita Mathe tu, kama watoto wote wa hapo. Kijana wake alipigwa risasi karibu na stage. Karao alikuwa anamkimbiza mtu mwingine kabisa, akafyatua, na risasi ikampata kijana ambaye alikuwa amesimama akingoja chenji. Kwa matanga kila mtu alikuwa na neno. Mzee mmoja akasema, “Ni bahati mbaya, tumwachie Mungu.” Mwingine akasema, “Hakukusudia.” Wale mbogi ya rika langu tulikuwa tumekaa nyuma tukisema ni mauaji, hakuna jina lingine, na nikaenda nikaposti hivyo hivyo.

Miezi ikapita. Jioni moja Mathe akanibishia akiwa na karatasi imekunjwa mara nne. “Wewe si ulifika chuo?” Nikamwambia nilifika, nikaishia mwaka wa pili, na sikuwa nasoma sheria. Akasema, “Ni sawa, soma tu.” Ilikuwa hati ya mashtaka. Yule afisa alikuwa ameshtakiwa, lakini kwa kuua bila kukusudia. Mathe akaniuliza, “Sasa mtoto wangu, wakisema hakukusudia, si ni kama wamesema hana makosa? Kesi imeisha?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeposti kuhusu hiyo kesi kama jaji, na sikujua kitu ya kwanza kuihusu. Kwa hivyo nikaanza kusoma. Hii ndio nilipata.

Tuanze na sheria yenyewe, juu bila hiyo hadithi zingine hazitaeleweka.

Sheria yetu ya Adhabu, ile Sura ya 63, ilianza kutumika 1930, wakati wa mkoloni. Imerekebishwa mara nyingi, lakini vifungu vya kuua bado ni vile vya kizamani. Kifungu cha 202 kinasema ukimuua mtu kwa kitendo kisicho halali, au kwa kuacha kufanya jambo ulilopaswa kufanya, una hatia ya kuua bila kukusudia. Na kile “kuacha kufanya” kinaelezwa: ni uzembe wa kulaumiwa katika wajibu wa kulinda maisha au afya ya mtu. Kifungu cha 203 kinaongeza kitu kimoja tu. Ukiua ukiwa na nia mbaya, hayo ni mauaji.

Kwa hivyo maiti ni ile ile na risasi ni ile ile. Tofauti iko kwa akili ya aliyeshika bunduki.

Sasa soma kifungu cha 206 polepole, kile kinachoeleza hiyo nia mbaya ni nini. Wengi wetu hudhani ni mpaka mtu aamke asubuhi akisema leo nitaua fulani. Hapana. Nia mbaya ni pamoja na kutaka kumuumiza mtu vibaya, hata kama hukutaka afe. Ni pamoja na kumlenga Juma na kumpata Otieno. Huwezi kujitetea ati Otieno hakuwa kwa mpango. Halafu kuna ile iliyonishangaza zaidi: kama ulijua kitendo chako kina uwezekano mkubwa wa kuua au kujeruhi mtu vibaya, na ukaendelea, hiyo inatosha. Sheria inasema inatosha hata kama hukujali litakalotokea. Inatosha hata kama moyoni ulikuwa unatamani lisitokee.

Soma hiyo tena. Unaweza kutamani mtu asife, na bado uwe muuaji.

Upande wa pili kuna kifungu cha 9, ambacho kinasema mtu hahukumiwi kwa jambo lililotokea kwa ajali. Hii ndio ile “bahati mbaya” ya wazee. Lakini hicho kifungu kinaanza kwa kuweka mpaka: ajali haifuti vile vifungu vinavyohusu uzembe. Na kuna wajibu mwingine kwa sheria hiyo hiyo, kwamba ukiwa na kitu cha hatari mikononi mwako, ni juu yako kukitumia kwa uangalifu ili kisidhuru mtu. Kama kuna kitu inafaa hayo maelezo kuliko bunduki, niambie.

Kwa hivyo kuna vyumba vitatu, sio viwili. Kuna ajali, ambayo haina hatia. Kuna kuua bila kukusudia, ambayo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Na kuna mauaji, ambayo kwa kitabu adhabu yake ni kifo, ingawa tangu Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilisema jaji halazimiki kutoa hiyo ya kifo kwa kila kesi.

Shida ni Kiswahili chetu. “Sikukusudia” ni kitu unasema ukimkanyaga mtu kwa foleni. “Woi, pole, sikukusudia,” na yeye anasema hakuna neno. Sasa ukichukua hilo neno ukaliweka kwa hati ya mashtaka, mama kama Mathe anasikia ile ya foleni. Anasikia pole. Lakini korti haisemi pole. Korti inasema, umeua, na una hatia, ila hatujathibitisha ulikuwa na ile nia ya kifungu cha 206.

Lakini wasee, nani aliona ndani ya akili ya mtu? Hakuna. Jaji anaisoma kutoka nje: umbali, silaha, mahali risasi iliingia, maneno yaliyosemwa, kilichofanywa baadaye. Na hapa ndipo historia ya Kenya inaingia, juu kuna watu ambao akili zao zilisomwa kwa upole sana.

Rudi 1923. Molo, Bonde la Ufa. Mfanyakazi wa shamba anayeitwa Kitosh alipewa kazi ya kumpeleka farasi, akampanda badala ya kumwongoza kwa mguu. Mlowezi aliyekuwa mwajiri wake, Jasper Abraham, akampiga viboko, akafungwa kwa stoo, na usiku Kitosh akafa. Hakukuwa na bunduki hapo, najua, lakini nivumilie. Kortini madaktari walileta hoja kwamba Kitosh alikufa kwa sababu alitaka kufa. Ati alikata tamaa ya kuishi. Juri ilikuwa ya Wazungu watupu, kwa sababu wakati huo Mzungu alikuwa na haki ya kuhukumiwa na Wazungu wenzake. Wakatupa mauaji, wakatupa hata kuua bila kukusudia. Wakasema ni kujeruhi vibaya. Miaka miwili jela.

Ona venye ilifanyika. Badala ya kuuliza nia ya aliyepiga, waliuliza nia ya aliyepigwa. Karen Blixen aliandika kuhusu hii kesi kwa kitabu chake Out of Africa, na hiyo ni sehemu ya sababu jina la Kitosh halikupotea.

Sasa ruka mpaka Oktoba 1959, Nairobi. Hali ya hatari iko karibu kuondolewa, na miezi michache mbele kuna mkutano wa Lancaster House kule London kuzungumzia serikali ya Waafrika. Mtu anaitwa Kamawe Musunge alikuwa anapita kwa baiskeli karibu na nyumba ya Mzungu anaitwa Peter Poole. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani. Mbwa wa Poole wakamvamia. Akafanya venye wewe na mimi tungefanya, akachukua mawe kujikinga. Poole akatoka na bastola, akampiga risasi, akamuua.

Kila mtu alijua mchezo utaisha aje. Juri ilikuwa ya Wazungu tena. Lakini mara hii walisema ni mauaji. Rufaa ikakataliwa, ikapelekwa mpaka Baraza la Faragha kule London, ikakataliwa. Maelfu wakatia sahihi ombi la kumwombea msamaha. Gavana Patrick Renison akakataa. Tarehe 18 Agosti 1960 Poole alinyongwa Nairobi. Anajulikana kama Mzungu pekee aliyenyongwa nchini Kenya kwa kumuua Mwafrika.

Kuna watu husema ilikuwa siasa, kwamba serikali ya mkoloni ilitaka kuonyesha sura nzuri wakati inafunga virago. Inawezekana siasa ilizuia msamaha. Lakini siasa sio ilifanya kesi iwe nyepesi. Pima tu kwa 206. Mtu ana jiwe la kujikinga na mbwa, wewe una bastola, unamlenga binadamu, unafyatua. Hapo hauhitaji kuingia kwa kichwa cha mtu. Kitendo chenyewe kimeongea. Kilichobadilika kati ya 1923 na 1960 ni watu waliokubali kusikia.

Weka hao mbwa kwa kumbukumbu. Watarudi.

Twende 2005, ambayo wengi wetu tulikuwa bado tunatambaa au hatujazaliwa. Kuna ranchi inaitwa Soysambu, karibu na ziwa Elementaita, karibu ekari 50,000. Ni ya familia ya Delamere, wale walowezi ambao jina lao liko kwa kila kitabu cha historia ulichobeba kidato cha pili. Mrithi wake alikuwa Thomas Cholmondeley. Hilo jina hutamkwa “Chamli”, usijisumbue.

Aprili 2005, maafisa wa KWS waliingia kwenye ranchi bila sare, wakichunguza biashara haramu ya nyama ya porini. Cholmondeley akampiga risasi mmoja wao, Samson ole Sisina, akafa. Alijitetea kwamba alidhani ni majambazi wamewashika wafanyakazi wake. Alishtakiwa kwa mauaji. Lakini kesi haikufika popote. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Amos Wako, aliiondoa kortini. Katiba ya zamani ilimpa uwezo huo: anasema kesi imeisha, na imeisha. Wamaasai wakaandamana kwa hasira.

Sasa angalia kilichokosekana hapo. Labda ule utetezi ulikuwa wa kweli. Labda aliogopa kikweli. Lakini hakuna jaji aliyeupima kwa kesi kamili. Hakuna aliyeuliza, sawa, ulidhani ni majambazi, je, mtu mwangalifu angefyatua hapo? Swali la chumba gani, ajali, uzembe au mauaji, halikujibiwa kabisa. Mlango ulifungwa kabla watu waingie.

Mwaka mmoja hivi baadaye, Mei 2006, ranchi hiyo hiyo. Robert Njoya, fundi wa mawe, mtu mwenye mke na watoto, alikuwa ameingia na wenzake wakiwa na mbwa, kuwinda. Cholmondeley alikuwa anatembea na rafiki yake, akiwa na bunduki. Risasi zikalia. Mbwa wakafa, na Njoya akafa.

Cholmondeley alisema alilenga mbwa, sio watu. Baadaye upande wake ukaleta hoja kwamba pengine ni yule rafiki aliyefyatua, na jaji hakukubali. Alikaa rumande Kamiti karibu miaka mitatu kesi ikiendelea. Mei 2009 Jaji Muga Apondi akatoa uamuzi: mauaji hayajathibitishwa, kwa sababu upande wa mashtaka haukuonyesha ile nia mbaya. Jaji alitilia maanani pia kwamba baada ya kufyatua, mshtakiwa alijaribu kumsaidia Njoya. Kwa hivyo ana hatia ya kuua bila kukusudia.

Wiki moja baadaye ikaja adhabu. Miezi minane.

Sasa nikuambie kitu ambacho pengine hautapenda. Nilipoanza kusoma nilikuwa tayari nimekasirikia lile neno. Nilitaka kuandika hapa kwamba jaji alikosea kusema haikuwa mauaji. Lakini nikipima kwa kifungu cha 206, nikilinganisha na Poole, naona pengo. Poole alimlenga mtu. Huyu, kwa ushahidi ulioaminika, haikuthibitishwa alimlenga mtu. Unaweza kubishana kwamba mtu akifyatua bunduki ya kuwindia kuelekea msituni akijua kuna watu na mbwa pamoja, alijua uwezekano wa kuua ni mkubwa, na hiyo inatosha. Mimi ningebishana hivyo. Lakini naelewa jaji akisema mashaka yaliyobaki ni ya kumfaidi mshtakiwa. Hiyo kanuni ya mashaka inatulinda hata sisi siku karao akitubambikia kesi.

Mahali sielewi ni pale pengine. Kuua bila kukusudia kunaweza kukupeleka jela maisha yako yote. Huyu mtu alikuwa amemuua binadamu wa pili kwa bunduki, katika ardhi ile ile, katika muda wa miezi kumi na tatu hivi. Kifo cha kwanza hakikuwa na hukumu, kweli, na korti haiwezi kumwadhibu mtu kwa kesi iliyoondolewa. Lakini mtu ambaye tayari anajua, kuliko karibu kila Mkenya, kwamba risasi ikitoka hairudi, tulitarajia awe na uangalifu wa kiasi gani mara ya pili? Jaji alisema anampa adhabu nyepesi ili atafakari maisha yake na ajirekebishe, akizingatia pia ile miaka ya rumande. Oktoba 2009 alikuwa nje. Alifariki 2016.

Watu walikasirikia neno “bila kukusudia”. Nadhani hasira ilienda kwa mlango mbaya. Neno lingeweza kubeba miaka ishirini. Lilibebeshwa miezi minane. Na likishabebeshwa hivyo kwa kesi kubwa namna hiyo, na nchi nzima ikitazama, mwananchi anajifunza kwamba kuua bila kukusudia ni jina lingine la kwenda nyumbani. Ndio maana Mathe alikuja kwangu na ile karatasi akiwa ameshakata tamaa. Alikuwa amefunzwa.

Ili usidhani mstari kati ya mauaji na uzembe hauwezi kuvukwa, ngoja nikupeleke Afrika Kusini kidogo. Hii unaikumbuka. Usiku wa kuamkia Valentine 2013, Pretoria, Oscar Pistorius alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa. Ndani alikuwa mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Alisema alidhani ni mwizi. Septemba 2014 Jaji Thokozile Masipa alisema ni kuua kwa uzembe, na akapewa miaka mitano.

Upande wa mashtaka ukakata rufaa. Desemba 2015 Mahakama ya Rufaa ikabadilisha ikawa mauaji. Hawakusema alijua ni Reeva. Walisema haijalishi alikuwa nani. Choo ni kidogo, mtu wa ndani hana pa kukimbilia, silaha ni ya kuua, risasi ni nne. Mtu akifanya hivyo lazima aliona kwamba aliye ndani anaweza kufa, na akaendelea. Adhabu ikafika miaka 13 na miezi mitano mwaka wa 2017. Aliachiliwa kwa masharti Januari 2024.

Sheria yao sio yetu, wana maneno yao ya Kilatini. Lakini wazo ni ndugu ya kile kifungu chetu cha 206: ulijua, hukujali, ukaendelea. Na ona kilichowezesha. Mtu fulani alikataa kuishia kwa uamuzi wa kwanza. Kesi ilibaki hai kwa zaidi ya miaka minne.

Je, hapa kwetu kitu kimebadilika tangu 2005? Kidogo, na ni kidogo cha maana. Katiba ya 2010 ilimnyang’anya Mwanasheria Mkuu ule uwezo. Sasa mashtaka yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na Kifungu cha 157 kinasema hawezi kuondoa kesi bila ruhusa ya korti. Akitaka kuiondoa lazima aende mbele ya jaji aombe, na familia inaweza kufika kusema haikubali. Ile ya Sisina, ya mtu mmoja kufunga faili na kwenda nyumbani, sio rahisi tena. Pia tangu 2011 kuna IPOA ya kuchunguza polisi, na sheria ya polisi inasema bunduki ni ya kuokoa maisha pale njia zingine zimeshindwa, na afisa akiua mtu lazima aripoti.

Lakini kuna kitu kingine cha kuangalia. Sheria yetu inaruhusu mashauriano kati ya upande wa mashtaka na mshtakiwa. Mtu ameshtakiwa kwa mauaji, anakubali kosa la kuua bila kukusudia, kesi inafupika. Sio vibaya kila wakati. Familia inapata ukweli bila kungoja miaka kumi. Lakini ikifika hapo, vita vyote vinahamia kwa adhabu, na hiyo siku ndio korti huwa tupu. Waandishi wameshaenda, sisi tumeshahamia hashtag nyingine. Familia ina nafasi ya kuieleza korti hasara waliyopata kabla jaji aamue. Wengi hawajui, kwa hivyo hawaongei.

Na kwa wale wenzangu wa video za kushika bunduki ya mjomba ukicheza muziki: chumba cha ajali ni kidogo kuliko unavyofikiria. Ukiilenga kwa mtu bila kuangalia kama ina risasi, hauko kwa ajali tena. Uko kwa 202, na pengine umeanza kugusa 206. “Nilidhani haina kitu” ni maelezo ya uzembe, sio ya kutokuwa na hatia.

Nilirudi kwa Mathe baada ya wiki mbili. Nilimwambia kwanza kwamba nilikosea kuposti vile niliposti, juu nilipiga kelele kuhusu neno ambalo sikulielewa. Halafu nikamweleza kwa Kiswahili cha kawaida. Nikamwambia, Mathe, hiyo karatasi haisemi ni bahati mbaya. Inasema aliua, na kwamba alipaswa kuwa mwangalifu kwa sababu alishika kitu cha kuua mahali pamejaa watu. Ikithibitishwa, anaweza kufungwa hata maisha. Anaweza pia kufungwa miezi. Hiyo itategemea ushahidi, na itategemea jaji atasikia nini siku ya adhabu.

Nikamwambia pia ana haki ya kuuliza kwa nini haikuwa mauaji. Alijua kuna watu stage? Bila shaka. Mtu aliyekuwa anamkimbiza alikuwa anatishia maisha ya mtu yeyote wakati huo? Hayo ndiyo maswali wakili wa familia anafaa kupeleka kwa upande wa mashtaka, kwa maandishi, mapema. Sikumwahidi jibu. Sijui jibu litakuwa gani.

Akanyamaza kidogo. Akaniuliza, “Kwa hivyo haijaisha?”

“Haijaisha.”

Akakunja ile karatasi mara nne tena, akairudisha kwa leso. Kesi inatajwa mwezi ujao. Ameniambia nimsindikize, na nibebe kitabu niandike kila kitu jaji atasema, juu yeye akifika mle ndani masikio hufunga. Nimekubali. Sitaposti chochote mpaka nirudi.